Kinamasi cha Mama Loice

Kutoka Nyansiongo mpaka Kenyenya hapakuwa na mwanamke aliyepiga picha nyingi za bahari kumshinda Bathsheba Kemunto, na aliyelisema hilo mara nyingi zaidi ni Bathsheba mwenyewe. Lakini kabla hujapata nafasi ya kumsifu, angeongeza kwamba mia mbili za kwanza zilikuwa za kidole chake. "Kidole kilitoka vizuri," angesema. "Hata kovu la panga linaonekana. Bahari ndiyo haikuonekana."

Alikuwa mjane wa miaka sitini na sita, mwenye ng'ombe wawili wa maziwa, kipande cha majani chai, na ulimi ambao marehemu mumewe, Ogoti, alikuwa akisema ungefaa kufungwa getini badala ya mbwa. Utani ulikuwa chakula chake. Kwenye matanga aliwachekesha waliofiwa, kwenye harusi aliwaliza waliooana. Watu walimpenda kwa hilo, na kwa hilo hilo, akiwaambia mvua inakuja hawakuanua nguo mpaka ziloe.

Bahari ilimjia kwa njia ya mjukuu. Binti yake wa mwisho, Loice, alikuwa ameolewa na kijana wa Mosocho aitwaye Nyamongo, na Nyamongo akapata kazi ya kulinda usiku kwenye mashamba ya chumvi, huko pwani, kaskazini ya Malindi. Loice alipojifungua kwa kupasuliwa alipiga simu akilia. Bathsheba akamwambia anyamaze, chumvi iko ya kutosha huko bila machozi yake, na kwamba mama yake anakuja. Akafunga unga wa wimbi na majani makavu ya chai, kisha akavuka ua na kumwita Persis.

"Twende wote," alimwambia. "Peke yangu nitapotea. Tukiwa wawili tutapotea, lakini tutakuwa na wa kumlaumu."

Persis alikuwa mke wa shemeji yake. Waliolewa na ndugu wawili, mwaka mmoja, boma moja, na kwa miaka arobaini na miwili walichota maji kwenye chemchemi moja. Mtoto wa Persis, Ochoki, alipozaliwa na mama yake akalazwa kwa malaria, alinyonya kwa Bathsheba miezi miwili. Sasa Ochoki alikuwa mwanamume wa ndevu, mwenye studio ya picha Mosocho, na alimwita Bathsheba Mama Mkubwa. Ndiye aliyempa kamera moja kuukuu ya studio siku ya safari.

"Mpigie mtoto picha, Mama Mkubwa. Bonyeza hapa. Pengine popote usiguse."

"Nikigusa?"

"Usiguse."

Aligusa kabla basi halijafika Keroka.

Nyumba ya Loice ilikuwa chumba kimoja na jiko. Nyamongo alirudi kutoka kazini saa mbili asubuhi, akalala mpaka saa kumi alasiri, akaondoka tena saa kumi na moja. Kwa mtu asiye wa Gusii hapo hakuna shida: mkwe amelala, mama mkwe ameketi na mtoto mapajani, dunia inaendelea. Lakini Abagusii wana chinsoni. Ni haya na ni heshima, na ni ukuta usio na matofali kati ya mama na mume wa binti yake. Mama mkwe halali chini ya paa la mkwe. Haketi chumba kimoja naye. Hamwoni akiwa amevua shati, sembuse kumsikia akikoroma. Anayeuvunja ukuta huo hapelekwi mahakamani, husemwa tu. Husemwa mpaka azikwe, na akishazikwa wajukuu wake huulizwa kama ni kweli. Na kwa kuwa kwetu mke wa baba mdogo ni mama vilevile, ukuta huo ulimhusu Persis sawasawa na Bathsheba.

Kwa hiyo walilala kwa jirani, mjane mmoja Mgiriama aliyewaazima kitanda. Saa kumi na moja jioni walihamia kwa Loice, wakamkanda, wakamwosha mtoto, wakapika uji, kisha wakaenda kulala. Alfajiri walirudi. Na saa mbili, Nyamongo, kijana mwenye adabu zake, alianza kukohoa tangu kwenye kona ya njia, na akina mama hao wawili wakatoka huku wameangalia ukutani kama watu wanaosoma tangazo.

Sasa hapo ndipo penye kisa. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kwa siku arobaini, wanawake wawili wa Nyansiongo hawakuwa na pa kukaa, wala jembe, wala ng'ombe, wala mtu wa kusengenya waliyemjua kwa jina.

Siku ya kwanza walikaa kwenye bustani ndogo ya kando ya bahari. Ilikuwa bustani ya umma, ukubwa wake kama shamba la sukuma wiki: mivinje mitatu, kibao cha kutu, benchi moja la saruji. Nyuma yake palikuwa na kinamasi. Persis alilala kwenye benchi. Bathsheba, ambaye hakuwahi kulala mchana tangu abatizwe, akatoa kamera.

Kinamasi alikijua. Nani wa Gusii hajui kinamasi? Kila bonde linacho. Lakini hiki kilikuwa na wazimu wake. Kwetu maji yana tabia moja: yanatoka juu, yanashuka, na yakishaenda yameenda, hakuna aliyewahi kuuona mto Gucha ukirudi kupanda mlima kuulizia kitu ulichosahau. Kule maji yaliondoka asubuhi yakaacha uwanja mtupu wa tope, kisha mchana yakarudi kimya kimya, yakipenya kwenye vijifereji kama watoto waliochelewa kanisani. Majani yaliyoota hapo yalikuwa mafupi, manene, mekundu kwenye ncha. Bathsheba alichuma moja akaliuma. Chumvi tupu.

"Mama Loice," Persis alisema, jicho moja wazi, "utakufa ugenini kwa kula majani kama mbuzi."

"Mbuzi hafi kwa majani. Hufa kwa wageni."

Wiki ya kwanza ilikuwa ya kidole. Wiki ya pili kidole kiliondoka na anga ikaingia, anga tupu, kama shuka. Wiki ya tatu Bathsheba aligundua siri ambayo hakuna aliyemfundisha: kwamba akipiga magoti chini kabisa, kamera ikakaribia tope, yale majani mekundu yanakuwa msitu, na kaa mwenye gando moja kubwa anakuwa chifu wa msitu huo. Tangu siku hiyo hakupiga tena akiwa amesimama. Tope la kwetu ni la adabu, unaingia mpaka kifundoni unatoka. La kule lilimshika mpaka magotini likakataa kumwachia, kama shangazi anayeaga. Persis alivua viatu, akamshika kwapani, akavuta, wakaanguka wote wawili, wakacheka mpaka ndege wakahama.

Walikwenda kila mahali kwa miguu. Bustani za aina ile zilikuwa tano ufukweni, nyingine hazina hata benchi, na nyuma ya kila moja kulikuwa na kinamasi chake chenye tabia yake. Persis alishika mwavuli na kuangalia saa. Bathsheba aliangalia mwanga. Alijua sasa kwamba saa tatu chumvi kwenye majani inameta, saa saba hakuna kitu, saa kumi tope linakuwa shaba. Siku moja maji yalijaa kupita kawaida, yakaizunguka bustani ya kwanza mpaka benchi la saruji likabaki peke yake katikati ya bahari, na juu yake ndege mmoja mdogo wa miguu mirefu akasimama kama anayesubiri kuhudumiwa. Bathsheba aliingia majini mpaka kiunoni. Alibonyeza mara moja tu. Alipotoka aliikumbatia kamera kifuani kwa mikono miwili.

"Umepata?" Persis aliuliza.

"Nimepata," alisema, na kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini na miwili hakuongeza utani.

Ochoki aliwafuata siku tatu za mwisho, ili awasaidie mizigo na aione bahari. Aliiona kutoka barabarani, kwa kuwa viatu vyake vilikuwa vipya. Jioni alizipitia picha za Mama Mkubwa kwenye kioo kidogo cha kamera, moja baada ya nyingine. Mwishoni akasema, "Si mbaya," akaitia kamera kwenye mkoba wake.

Wiki mbili baada ya kurudi nyumbani alimpigia simu.

"Mama Mkubwa, pole. Ile kadi ya kamera imekufa. Chumvi imeila. Nimeokoa nne tu za mtoto."

Bathsheba alikaa kando ya zizi na simu mkononi. Kisha akamwambia ng'ombe kwamba picha za bahari zimerudi baharini, ni haki yake. Ng'ombe hakucheka. Wala yeye.

Alichokitaka tangu hapo kilikuwa kimoja, na alikitaka kwa njaa ambayo aliionea aibu kwa umri wake: kurudi. Loice alimwambia kwa simu kwamba malori yameanza kumwaga kifusi kwenye bustani ya pili, kuna mtu anajenga. Bathsheba alizihesabu zile bustani nne zilizobaki usiku kitandani kama watu wanavyohesabu watoto. Kama angezipata tena na kamera, hata mara moja, kabla ya malori. Lakini nani angempeleka bibi wa huku kwetu Borabu pwani kupiga picha matope?

Ilikuwa Januari alipopeleka maziwa kwenye kituo cha kupoza, akatazama ukutani, akaona kalenda mpya. Juu ya kalenda kulikuwa na benchi katikati ya maji, na juu ya benchi ndege anayesubiri kuhudumiwa.

Aliweka debe chini. Alisogea karibu. Kwenye pembe, kwa herufi ndogo, paliandikwa: Picha na Ochoki Osoro.

"Umeona mwana wenu?" karani wa maziwa alimwambia. "Ameshinda shindano la shirika fulani la mazingira la pwani. Nchi nzima. Wanakuja Jumapili ijayo hapa kanisani kumtangaza, kisha wanamchukua mwaka mzima akapige picha za hivyo vibustani na vinamasi vyote vya huko kabla havijamalizwa. Watatoa kitabu."

"Mwaka mzima," Bathsheba alisema.

"Mwaka mzima. Chakula na malazi juu yao. Mtoto ana bahati."

Alimkuta Persis akipukuchua mahindi uani. Hakuzunguka.

"Mama Ochoki, chumvi haikula kadi."

Persis aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likawa tupu kabisa, akalitazama kama kuna punje iliyojificha. "Mimi sijui mambo ya mashine," alisema.

"Mashine hujui. Benchi unalijua. Ulilala juu yake."

Kuku akaja, akafukuzwa.

"Ni mtoto wetu," Persis alisema hatimaye. "Studio inakufa, Mama Loice. Kila mtu ana simu, nani anaenda studio siku hizi? Alifikiri wewe ulikuwa unacheza tu. Unajua ulivyo, kila kitu kwako ni mchezo."

"Nilikuwa ndani ya maji mpaka hapa. Huo ni mchezo gani?"

"Najua."

"Ulinivuta kwenye matope mara ngapi?"

"Najua, Mama Loice. Nimesema najua." Persis alipangusa mikono kwenye leso, akaushika mkono wa mwenzake. Mikono yao ilikuwa na sugu mahali pamoja. "Usiende kwa chifu, usimwite mchungaji, usituaibishe. Wacha nizungumze naye. Na hao watu wa shirika wakija, mimi mwenyewe nitasimama. Nitasema. Nilikuwepo. Lini nimekudanganya?"

"Siku uliyoniambia zile nywele bandia zinanipendeza."

Persis akacheka, na Bathsheba akacheka, na jambo likaonekana limekwisha. Usiku ule Bathsheba alilala. Angeweza kumwita Loice kwa simu atoe ushahidi, lakini binti ya mtu kumtetea mama yake ni kazi bure. Shahidi mzuri ni yule ambaye kusema kweli kunamuumiza. Naye alikuwa naye, ng'ambo ya ua.

Jumapili kanisa la Waadventista lilijaa, ingawa siku yake ni Jumamosi. Wenyewe walikuja kutazama, Wakatoliki walitoka misani wakaja kula. Picha zilikuwa zimekuzwa, zimefungwa kwenye kamba kutoka nguzo hadi nguzo. Bathsheba alipita chini yake polepole. Yule kaa chifu. Chumvi ya saa tatu. Tope la shaba. Zilikuwa kubwa kuliko alivyoziota, na kwenye kila moja lilikuwa lile jina. Alimtafuta Persis. Persis alikuwa ameketi mbele, kando ya mwanawe, amevaa kitambaa kipya cha kichwa. Hakugeuka.

Mwanamke aliyetoka shirikani aliitwa Bi. Kadzo, mtu wa pwani, mpole, mwenye daftari. Alisema Kiswahili ambacho kilifanya kila mtu anyooshe mgongo. Alieleza kwamba watu hupiga picha ufukwe mweupe na hoteli. Vinamasi vya chumvi hakuna anayevitazama, na ndiyo maana hufukiwa bila mtu kulia. "Lakini huyu," alisema, "mtu wa milimani, alipiga magoti kwenye tope. Tulijiuliza, alionaje?"

Ochoki alisimama. Alikuwa na jaketi la mifuko mingi, yote mitupu. Alisema aliamka alfajiri. Alisema alisubiri mwanga. Alisema picha haipigwi kwa kamera, hupigwa kwa moyo, na watu wakapiga makofi.

"Kuna mwenye swali?" Bi. Kadzo aliuliza.

Bathsheba aliinua mkono. Watu wakaanza kutabasamu kabla hajafungua kinywa.

"Mimi sina swali, mgeni wetu. Nina jibu, ila hakuna aliyeniuliza. Hizo picha nilizipiga mimi."

Kanisa likaangua kicheko. Hakikuwa kicheko kibaya. Kilikuwa kicheko cha watu waliokuwa wakimsubiri tangu asubuhi aseme kitu. Edinah, mwenyekiti wa akina mama, alifuta machozi. Bathsheba alisimama katikati ya kicheko kile kama mtu aliyesimama katikati ya shamba lake na kukuta mpaka umehamishwa, na jiwe la mpaka alilihamisha mwenyewe, kidogo kidogo, miaka yote, kwa kila mzaha.

"Mama Mkubwa anapenda utani," Ochoki alimwambia mgeni, akitabasamu. "Ndiye niliyemfuata pwani. Alikuwa amekwenda kulea mjukuu."

"Sitanii leo," Bathsheba alisema.

Wakacheka tena, lakini kidogo kuliko mara ya kwanza.

"Basi muulizeni Mama Ochoki," alisema. "Ni mama yake mzazi. Alikuwepo siku zote. Atakalosema nimekubali."

Bi. Kadzo alimtazama Bathsheba, kisha akamgeukia Persis. "Mama, wewe unasemaje?"

Persis alisimama. Alirekebisha kitambaa. Bathsheba alikuwa tayari ameanza kumwonea huruma. Alifikiri, masikini, kumwaibisha mtoto wako hadharani, nitampelekea maziwa jioni.

"Mama Loice ni mtu wa mzaha," Persis alisema, akitazama sakafu. "Mnamjua. Sisi tulikuwa tumekwenda kwa kazi ya mtoto. Tulikuwa ndani."

Bathsheba hakuelewa mara moja. Aliyasikia maneno yakipita, kama mtu anayesikia jina lake likitajwa kwenye tangazo la kifo redioni na kufikiri ni la mwingine.

"Ndani ya nyumba?" Bi. Kadzo aliuliza.

"Ndani. Binti alikuwa amepasuliwa, hawezi kuinama. Tulikuwa naye kutwa, asubuhi mpaka jioni. Hatukutoka. Kijana ndiye alikuwa akienda huko na kamera yake."

Bi. Kadzo aliandika. Ochoki alishusha pumzi. Bathsheba aliitazama nyuma ya shingo ya Persis, ile shingo aliyoijua kuliko ya mume wake, kwa maana mumewe hakumtangulia kwenye njia ya chemchemi miaka arobaini na miwili. Alikumbuka mikono yake kwapani ikimvuta. Kitu kilichomuuma hakikuwa picha tena. Picha angeziacha. Kilichomuuma ni kwamba Persis aliushika mkono wake uani, akacheka naye, na alipokuwa akicheka alikuwa amekwisha kuamua.

Angeketi. Wengine wangeketi. Lakini alikuwa amelisikia neno moja, na hakuweza kulifanya lisisikike.

"Mama Ochoki," alisema, kwa sauti ndogo sana, "fikiri kwanza kabla hujanijibu. Nakuomba kama dada. Umesema kutwa?"

Persis bado hakugeuka. "Kutwa."

"Mimi na wewe?"

"Mimi na wewe."

"Siku zote arobaini, tangu asubuhi."

"Siku zote. Usinichoshe, Mama Loice."

"Sikuchoshi. Nataka tu mgeni aandike vizuri." Alijua anachokwenda kukivunja, na kwamba hakitaungika. "Mkwe wetu ni mlinzi wa usiku. Nyumba ni chumba kimoja. Sasa mchana, sisi tukiwa ndani, Nyamongo alikuwa akilala wapi?"

Kisha, kutoka mistari ya akina mama, sauti ndogo ilianza, si neno, pumzi tu iliyovutwa na wengi kwa pamoja. Edinah alifunika mdomo. Mzee mmoja wa kanisa alijifanya anatafuta ukurasa kwenye kitabu cha nyimbo. Vijana waliacha simu. Hapakuwa na Mgusii mle ndani, hata yule aliyesomea Nairobi, aliyehitaji kuelezwa.

Aliyehitaji ni mgeni peke yake. "Samahani," Bi. Kadzo alisema, kalamu juu ya daftari. "Sijaelewa. Kwani alikuwa akilala wapi?"

Watu wakaangalia ukutani. Haya za nyumbani si za kueleza mgeni.

Persis aligeuka hatimaye. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefika kwenye daraja na kulikuta limechukuliwa na maji. Mbele yake kulikuwa na njia mbili. Angeweza kushikilia kwamba walikuwa ndani, na kabla ya jua kuchwa ingejulikana mpaka Kenyenya kwamba mama wawili wazima, wake wa ndugu wawili, waliketi kutwa siku arobaini wakimtazama mkwe wao amelala. Na Loice angetukanwa kwa hilo, na Nyamongo, na yule mtoto. Au.

"Alikuwa kazini," Persis alisema.

"Mchana?" Bathsheba aliuliza. "Mlinzi wa usiku?"

"Alikuwa… alikuwa analala kwa rafiki yake."

"Rafiki yupi?"

Persis alimtazama mwanawe. Ochoki alikuwa ameinamia mifuko ya jaketi lake, anafungua mmoja, anafunga, kana kwamba rafiki wa Nyamongo angepatikana humo. Alilelewa katika mambo hayo. Alijua jibu kama kila mtu alivyolijua.

"Mama," Bi. Kadzo alisema kwa upole, "mlikuwa ndani au hamkuwa ndani?"

Mikono ya Persis ilikwenda kwenye kile kitambaa kipya, ikakivuta, kikatoka, nywele zake nyeupe zikaonekana. Hakukirudisha.

"Nje," alisema.

"Nani alikuwa nje?"

"Sisi. Tulikuwa nje." Alikikunja kile kitambaa. "Kila siku. Kwenye hizo bustani."

"Na mlikuwa mkifanya nini huko, kutwa nzima?"

Persis alifungua kinywa. Nyuma yake benchi la saruji lilining'inia kwenye kamba, kubwa kama mlango. Alimtazama Bathsheba, si kwa chuki, bali kama Bathsheba alivyomtazama yeye siku zile akiwa amezama magotini, akisubiri mwenzake amnyooshee mkono. Na Bathsheba, aliyekuwa na neno la mzaha kwa kila kilio cha Borabu nzima, alisimama palepale, mikono nyuma, akasubiri jibu pamoja na wengine.